Hakuna Aliyekaa Katikati

Mtanisamehe, wenzangu msionijua, kwa mwandiko wa barua hii, na kwa herufi nitakazokosea. Shuleni nilifundishwa kuandika Kiarabu, lugha ya nchi tuliyomo, na niliishia darasa la sita. Kiswahili nimekipata nyumbani kwa masikio, na kukiandika nimejifunza mwenyewe kwa kusoma ujumbe wa simu wa shangazi zangu, ambao kila mmoja anaandika anavyojua. Ukurasa mmoja unanichukua asubuhi nzima. Nikikosea sifuti, napiga mstari juu ya neno na kuendelea, kwa sababu nikianza kufuta sitafika mwisho, na safari hii nataka nifike.

Bibi yangu, mama yake baba, amefariki baridi hii. Kwa siku tatu wanawake walikuja kutupa pole katika majlisi ya nyumba yetu ya mtaa wa Ansab, kile chumba kikubwa cha wageni kisicho na kiti hata kimoja, chenye mito iliyopangwa chini kuzunguka kuta zote nne. Walikaa migongo ukutani, magoti yakigusana, na zulia la katikati likabaki tupu, ila sinia la tende. Kila nilipoingia na dele la kahawa nikaliona lile zulia tupu, nilisimama mlangoni mpaka kahawa ikapoa. Watu walidhani ni uchungu wa msiba. Ulikuwa msiba kweli, lakini lilikuwapo na jambo jingine, na hilo jingine sijapata kumwambia mtu.

Nilikuwa na miaka tisa. Ami Hilali, ndugu yake baba mdogo kuliko wote, alikuwa bado hajaoa na akiishi na sisi kwa Bibi, chumba cha juu. Alikuwa fundi wa mitambo katika kituo kidogo cha redio kule Khuwair ya Kusini, ghorofa ya pili juu ya duka la mapazia. Kituo kilikuwa na masafa mawili, moja likitangaza kwa Kiarabu na la pili kwa Kiingereza. Chumba chake kilinuka vumbi lililopata moto na lehemu ya kuunganishia waya, na mpaka leo nikipita karibu na duka la kutengeneza simu harufu ile hunisimamisha. Mimi ndiye mtoto pekee aliyeruhusiwa kuingia, kwa sababu sikuwa nikigusa kitu wala kusema neno. Nilikuwa mtoto wa haya nyingi. Mgeni akiniuliza jina langu, Bibi ndiye aliyejibu.

Ami alikuwa na wazo moja lililomkosesha usingizi. Alitaka kutangaza tamasha la muziki wa roki, moja kwa moja, kwa namna ambayo msikilizaji aliyeko nyumbani azungukwe na sauti pande zote, kama aliyesimama pale pale. Alinieleza kwa vikombe vinne juu ya zulia. Viwili vya mbele, kulia na kushoto, ni bendi yenyewe, na hivyo vitapita kwenye masafa ya Kiingereza. Viwili vya nyuma ni watu wanaotazama na mwangwi unaorudi, na hivyo vitapita kwenye masafa ya Kiarabu, kwa saa moja hiyo hiyo. Mwenye nyumba anahitaji redio mbili tu, moja mbele yake na moja nyuma. Kisha akachukua tende, akaiweka katikati ya vikombe.

"Huyu ni wewe," akasema. "Ukikaa hapa, hupo Ansab tena. Uko Yiti."

Alichagua Yiti kwa sababu pale ufukweni milima iko nyuma karibu sana, na ngoma ikipigwa milima inairudisha. Mimi nilimwamini kama mtoto anavyoamini. Sikuelewa kwamba ni sauti tu. Nilielewa kwamba Ami ataileta Yiti nzima ndani ya majlisi yetu, na kwamba lolote litakalotokea kule litakuwa linatutokea sisi.

Kwa wiki kadhaa alifanya majaribio juu ya paa. Aliweka maikrofoni nne, akazizunguka huku akipiga makofi na kujirekodi, halafu akanikalisha chumbani kwake, mimi katikati na spika nne pembeni, nimefumba macho. Nilitakiwa kunyoosha kidole alipo. Sikukosea hata mara moja. Nilimsikia akipita nyuma ya shingo yangu na nywele zikanisimama, na nilipofumbua macho yeye alikuwa amekaa kitandani akinicheka.

Jioni nyingine alimleta mpiga ngoma wa bendi, Mkenya anayeitwa Brayo, ambaye mchana alikuwa mhudumu hotelini. Bibi alimkaribisha chai na kumuuliza kwao wapi. Brayo akajibu, "Nimetoka Nakuru, shosho, lakini nimeishi huku miaka tatu." Bibi akamwongezea chai. Alipoondoka akasema kijana ana adabu, ila Kiswahili chake kimechongwa kwa shoka, na huyo shosho ni nani. Kumbe kwao shosho ni bibi, na baada ya hapo Ami alimwita Bibi hivyo mwezi mzima, na Bibi akijifanya hasikii.

Baba hakuwa akicheka. Yeye ndiye mkubwa, na tangu babu afariki mambo yote ya nyumba yalipita kwake. Alikuwa amemtafutia Ami nafasi katika ofisi ya serikali, nafasi nzuri ambayo wengine waliililia, na walimtaka aanze Jumapili, siku ambayo huku wiki ya kazi huanza. Tamasha lilikuwa Ijumaa, siku mbili kabla. Ami aliomba asubiriwe. Mwenye kituo alikuwa amemwahidi kwamba jaribio likifaulu atampa kipindi cha kila mwezi, na yeye ndiye atakuwa mkuu wake. Waliongea mezani baada ya chakula, bila kupandishiana sauti, na Baba mwishoni alisema neno ambalo nilikwenda nalo kulala siku zote zile.

"Ijumaa tutakaa sote tusikilize. Ikiwa ni kitu, mimi mwenyewe nitakwenda kuwaambia nafasi ile wampe mwengine. Ikiwa ni makelele, Jumapili saa moja unavaa kanzu na kilemba, tunatoka pamoja."

Ami akakubali. Wakapeana mikono kama watu waliouziana gari.

Alhamisi jioni alitayarisha majlisi. Redio moja aliiweka chini ya dirisha na spika zake akazipeleka pembe mbili za ukuta ule. Redio ya pili aliiweka ukuta wa nyuma, spika zake pembe mbili za nyuma. Kisha akachukua mto mmoja akauweka katikati ya zulia, akapima kwa hatua, akausogeza kidogo. Akaniita.

Aliniambia kwamba yeye alfajiri anaondoka kwenda Yiti na hatokuwepo. Kazi yangu ni moja tu. Ijumaa saa kumi, kabla haijaanza, niwaambie wote waje wakae pale katikati, karibu karibu, nyuso zielekee dirishani. Wakikaa pembeni kila mtu atasikia spika iliyo sikioni pake tu, na kazi yote itaharibika.

Nilimwomba amwambie Baba mwenyewe.

"Nikimwambia mimi ataona nnamuamrisha ndani ya nyumba," akasema. "Wewe mtoto. Watacheka, watakaa."

Nikatikisa kichwa kwamba sawa. Usiku ule nilijifunza sentensi yangu. Ilikuwa fupi: Ami amesema mkae hapa katikati. Niliisema kwa Kiswahili, nikaisema kwa Kiarabu, nikaisema ndani ya shuka kwa sauti ya kunong'ona mpaka dada yangu akanipiga teke.

Siku ya pili watu walikuja kama Ijumaa zote. Walikula, wakasali alasiri, wakaingia majlisi na kila mmoja akaenda mahali pake. Wenzangu mliokulia nyumba kama zetu mnajua. Mahali pa mtu katika majlisi hapana jina lake lakini ni pake. Bibi alikaa pembe ya nyuma kulia, kwenye mto mgumu, kwa ajili ya mgongo wake. Baba na ami zangu wengine walikaa chini ya dirisha. Shangazi na mama walijaza kuta za ubavuni. Mimi nilikaa kwenye goti la Bibi, kama siku zote. Shangazi mmoja akaukuta ule mto katikati ya zulia, akauliza nani amefanya uchafu huu, akautupa pembeni na mahali pake akaweka sinia la tende na kahawa.

Katikati ya majlisi hakuna anayekaa. Ukikaa pale lazima utampa mtu mgongo, na aliyeelekea dirishani atampa mgongo Bibi. Sijui kama Ami alilifikiria hilo. Yeye alikuwa akiiona majlisi kama chumba chenye pembe nne. Alisahau kwamba ina watu.

Saa ya ukutani ilipobakisha dakika tano niliinuka. Nilikwenda mpaka katikati, nikasimama kando ya sinia. Mazungumzo yakapungua, na Baba akanitazama kwa upole.

"Wataka tende?" akaniuliza.

Nikachukua tende. Nikarudi kwa Bibi nikakaa.

Sijui niieleze vipi dakika tano zile. Tende nilikuwa nayo mkononi, imeyeyuka, vidole vimegandana. Sentensi ilikuwa mdomoni, imekamilika, na kila nilipovuta pumzi ili niitoe mtu mwingine alianza kusema. Halafu Baba akawasha redio ya kwanza, ami mwengine akawasha ya pili, na mtangazaji akasema maneno yale yale kutoka pembe nne. Watoto wakashangilia. Nikajiambia labda Ami amekosea, labda pembeni pia kutasikika.

Bendi ikaanza. Kule chini ya dirisha, kichwa cha Baba kikaanza kwenda mbele na nyuma kidogo kidogo. Ami mmoja akapiga vidole juu ya goti. Nilifurahi kwa kitambo kifupi sana, kwa sababu uso wa Baba ulikuwa uso wa mtu anayesikia kitu kizuri. Lakini mimi sikuwa nikisikia kile alichokisikia yeye. Spika ya nyuma kulia ilikuwa shubiri moja kutoka sikio langu, na ndani yake hamkuwa na gitaa wala mwimbaji, au vilikuwa mbali sana, kama vitu vilivyofungiwa ndani ya kabati. Mlikuwa na watu wanaopiga mayowe.

Nilikuwa sijawahi kwenda tamashani. Sikujua kwamba watu waliofurahi hupiga kelele namna ile. Wanawake walipiga kelele kali, za koo, zikakatika, zikarudi. Miguu ilikuwa ikikimbia kwenye mchanga na kokoto. Halafu kukawa na kishindo, na baada ya kishindo kishindo kingine kutoka mbali zaidi, na mimi sikukumbuka milima. Niliona kwamba kitu kinaanguka, kisha kingine kinaanguka.

Kisha karibu kabisa na maikrofoni mwanamme akaanza kuita jina la mtoto. "Maryam. Maryam." Kwanza aliita kama mtu anayeita mtoto kula. Alikwenda mbali, akarudi, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ya Maryam." Nilimsikia akihema. Niliwatazama watu wa dirishani, nao walikuwa wakitabasamu. Baba alikuwa akitabasamu. Nilishindwa kuelewa mtu anawezaje kutabasamu huku baba mwingine analia karibu naye hivi. Nikamtazama Bibi. Bibi alikuwa ameacha kuhesabu tasbihi. Kidole kilikuwa kimesimama juu ya punje moja, na jicho lake lilikuwa kwenye spika.

Yule mwanamme akaita tena, safari hii kwa kilio, na wanawake wakapiga ukelele mmoja mrefu wote pamoja, na kishindo, na kishindo. Na Ami alikuwa humo. Ami wangu alikuwa humo.

Nilimshika Bibi mkono, nikasema kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kabla wala baada.

"Bibi, wanakufa kule. Ami anakufa."

Muziki ulikuwa umejaa chumba na hakuna mwengine aliyenisikia. Bibi hakuniuliza kitu. Akachukua simu yake, ile ya vitufe vikubwa, akabonyeza namba moja, ambayo ilikuwa ya Ami, akaiweka sikioni.

Ami Hilali hakuwahi katika maisha yake kuacha kupokea simu ya mama yake. Hata akiwa kazini, hata akiwa barabarani, alisimamisha gari pembeni. Na yeye alikuwa amekaa kwenye meza ya mitambo nyuma ya watazamaji, hatua mbili kutoka maikrofoni zile za nyuma. Aliona jina, akainuka, akageuka akaipa meza mgongo, akapokea. Bibi akamuuliza kama yu hai, na kama ni kweli watu wanakufa kule.

"Mama. Mama, nipo. Nani kafa?"

Sauti ilitoka kwanza kwenye simu, halafu ile ile ikatoka ukutani, pembeni yetu, kubwa. Chumba kizima kikageuka. Bibi akaiondoa simu sikioni akaitazama, akaitazama spika.

"Hilali," akasema, "nani huyo anakuiga?"

"Hakuna anayeniiga, mama. Nipo mzima. Nipo Yiti, wallahi nipo mzima," akasema Ami, na spika ikasema nyuma yake, nipo mzima. Mji mzima, kwenye masafa ya Kiarabu, kila aliyewasha redio yake alimsikia kijana akimwapia mama yake kwa Kiswahili kwamba hajafa. Watoto walianza kucheka. Nami nilianza kucheka pamoja nao, kwa furaha, kwa sababu alikuwa hai.

Kisha ikaja ile sauti. Walionieleza baadaye walisema mwimbaji alisogea mbele ya spika za jukwaani na maikrofoni yake mkononi, ikaanza kulia, jambo ambalo fundi aliye mezani hulikata kwa kidole kimoja. Mezani hapakuwa na mtu. Ilianza kama nzi, ikapanda, ikawa mlio mkali usio na mwisho, mbele na nyuma, pembe zote nne, masafa yote mawili. Shangazi waliziba masikio. Mtoto mchanga akaanza kulia. Ulikatika, ukarudi, ukaendelea mpaka Baba alipoinuka, akaizima redio ya dirishani, akavuka zulia, akaizima na ya nyuma.

Bibi ndiye pekee aliyekuwa ametulia. Alisema alhamdulillahi, akaendelea na tasbihi kutoka punje ile ile.

Baba akamuuliza, taratibu, kwa nini amempigia.

Bibi hakunitazama. Mkono wake ulikuwa juu ya mkono wangu wenye tende, na akaubana.

"Moyo wangu ulishtuka tu," akasema. "Nimezaa mimi. Nilihisi."

Baba akarudi chini ya dirisha, akakaa.

Ami alirudi baada ya magharibi, mchanga umemjaa ndala. Mwenye kituo alikuwa akisikiliza ndani ya gari lake, na alimpigia kabla hata hawajafungua waya. Alimwambia kwamba fundi anayeacha meza kwa sababu mamake kapiga simu hawezi kukabidhiwa kipindi. Brayo alikuja naye, akasimama mlangoni hajui aingie au aondoke, akasema yule Maryam alipatikana, alikuwa amejificha nyuma ya gari la aiskrimu, hana habari. Alidhani labda hilo litatufurahisha. Mama akampa sahani ya sambusa aende nayo.

Ami alibusu kichwa cha Bibi, na Bibi akampapasa uso kwa viganja viwili, mara mbili, kama anayehakikisha. Halafu akasimama katikati ya majlisi akanitazama mimi.

"Uliwaambia wakae katikati?"

Wote walikuwepo. Baba alikuwepo. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Ami akatazama chini. Miguuni pake palikuwa na lile sinia, na vikombe vya kahawa, na kokwa za tende kwenye kisahani, na zulia kulizunguka halikuwa na alama ya mtu. Alitazama kwa muda ambao ungetosha kuhesabu kokwa zote.

"Ahsante," akaniambia. Akapanda juu.

Jumapili saa moja walitoka pamoja, Baba mbele, Ami nyuma, kanzu imenyooshwa na kilemba kimefungwa vizuri. Yuko ofisini pale mpaka leo. Amepanda cheo, ameoa, ana watoto watatu na nyumba yake. Sijapata kumsikia akilalamika. Lakini redio hana, hata garini. Spika zile alimpa Brayo, na chumba cha juu sasa ni cha kuwekea magodoro ya wageni.

Na mimi nilijifunza kitu ambacho hakuna aliyenifundisha. Pale nilipotakiwa kusema nilinyamaza, na pale nilipotakiwa kunyamaza nilisema, na mara zote mbili aliyelipa ni mtu mwengine. Kwa hiyo nikaacha. Darasani mwalimu aliniita nisome, nikasimama, sikufungua mdomo. Mwaka wa kwanza walinivumilia, mwaka wa pili walimwita mama, na nilipomaliza la sita Bibi alikuwa ameanza kuumwa miguu na anahitaji mtu wa kukaa naye. Hakuna aliyenilazimisha kuacha shule. Nilibaki nyumbani, na kwa kweli nilishukuru. Bibi na mimi tulikaa pamoja miaka mingi bila kuhitaji kusema sana. Hakuna siku aliyolitaja jambo lile. Mara moja tu, redio ya jirani ilipopigwa kwa nguvu, alinikonyeza.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nikamate kalamu.

Siku ya nne, wageni walipokwisha, tulibaki sisi wenyewe majlisi. Kila mtu alikuwa akisema alichokikumbuka kuhusu Bibi, wengine vya kuchekesha. Mahali pake pembeni hakuna aliyepakalia. Ami Hilali alikuwa amekaa karibu yangu, na zamu yake ilipofika akaanza kueleza habari ya Yiti. Nilidhani atafika kwangu.

Hakufika kwangu. Alisema kwamba siku ile alikuwa na hasira na Mungu na kila mtu, mpaka aliporudi nyumbani na kusikia kwamba mama yake alipiga simu kwa sababu moyo wake ulishtuka. Hakuna aliyemwambia kitu. Alimhisi tu, kutoka Ansab mpaka Yiti, katikati ya watu wote wale.

"Kipindi nilikikosa," akasema. "Lakini wangapi wanajua, kwa hakika, kwamba mama yao alikuwa akiwahisi hivyo? Mimi nnajua. Nimekaa na hilo miaka yote, na juzi nilipomteremsha kaburini ndilo nililokuwa nalo."

Akalia. Sijawahi kumuona akilia. Baba akamwekea mkono begani, na Baba pia alikuwa akilia.

Mimi ndiye moyo ule. Mimi, mtoto wa miaka tisa mwenye tende mkononi, niliyesikia watu wakifurahi nikadhani wanakufa. Bibi alisema vile ili kunificha mimi, na sasa hayupo wa kuniruhusu niseme wala wa kunikataza.

Nimekaa na karatasi hii wiki ya tatu. Siku nyingine naona lazima nimwambie, kwa sababu kila anapoisimulia mimi nakuwa namdanganya tena mbele ya watu, kama nilivyotikisa kichwa siku ile. Amenitendea wema maisha yangu yote, na hajui ni kwa mtu gani. Siku nyingine naona kwamba nikimwambia nitamnyang'anya kitu pekee alichotoka nacho Yiti, na nitakuwa nimefungua mdomo mahali pa kunyamaza kwa mara ya pili, na safari hii hakutakuwa na simu ya kupiga. Na halafu siku nyingine, nikiwa nimechoka, nafikiri labda Bibi alihisi kweli. Kidole chake kilikuwa kimesimama kabla sijasema neno. Hilo nililiona. Lakini sijui kama nalikumbuka kwa sababu ni kweli, au kwa sababu nalihitaji.

Hapa nyumbani siwezi kumuuliza yeyote, kwa kuwa kumuuliza ni kusema. Ndiyo maana nawauliza nyinyi wa rika langu, ambao hamnijui. Mngemwambia? Au mngemwachia mama yake? Niandikieni, hata mistari miwili. Ami anakuja kula nasi Ijumaa hii. Jibu lenu likichelewa msiseme haina haja tena, liandikeni na mlitume, kwa sababu Ijumaa inarudi kila wiki, na yeye sasa hukaa ubavuni kwangu.